Mwalimu, Kadi Zako Ninazisoma Mimi

Mwalimu,

Kwanza ujue kwamba unaandikiwa na mtu mkubwa. Tangu ulipoondoka, jumuiya nzima ya Wayahudi wa Maryland, Virginia na mji mkuu wenyewe imekaa juu ya mabega yangu haya mawili. Wazee wao hawafiki hospitali bila mimi. Jiko lao halipakui mpaka nipige honi. Juzi kule Bowie, kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wa mpwa wangu, niliwaambia wageni kuwa bila Ramadhani kampeni ya mwaka huu ingeanguka chali, na watu wakaacha kutafuna wakanisikiliza. Mpwa wangu alininong'oneza kwa Kiingereza chake nile kwanza, chakula kinapoa.

Lakini safari hii, Mwalimu, sijatia chumvi nyingi. Ndiyo maana nakuandikia.

Nimeegesha basi nje ya kliniki ya figo. Mzee Moti yuko ndani anasafishwa damu, kwa hiyo muda ninao. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichonisalimia nacho siku ya kwanza. Unakumbuka? Nilikuwa na wiki moja tu kazini. Nikaona bibi wa Kizungu na fimbo yake anapanda, anasoma jina kifuani pangu, anasema, "Hujambo, Bwana Ramadhani. Umeamkaje?" Nilikanyaga breki na gari lilikuwa limesimama. Kiswahili chako kilikuwa kile cha redio ya zamani, kimepigwa pasi. Ukaniambia ulifundisha Tabora miaka mitatu, kabla mimi sijazaliwa. Nikakwambia mimi ni mtu wa Nzega, hapo jirani kabisa, na kwamba kidato cha nne nilikuwa wa kwanza mkoa mzima. Ukasema, "Vema." Hukuuliza shule gani. Nikajua nimekupata.

Basi, habari za huku. Kiti chako cha nyuma ya dereva nilikiwekea koti langu, mtu asikae. Mama Njeri wa Silver Spring, yule Mkenya anayekwenda kuangaliwa macho, aliniuliza kama koti nalo lina miadi ya daktari. Nilimwambia koti lina ruhusa ya ofisi.

Mazishi yako yalinishangaza, maana nilidhani nitaona mambo ya kigeni, nikakuta mnazikana upesi kama sisi. Sanduku la mbao tupu, bila maua, na watu wenyewe wanashika koleo na kurudishia udongo. Nilishika koleo zamu mbili. Mwanao Danieli alitaka kunipokea nikakataa. Halafu wakati wa kuondoka kila mtu akawa anaweka kijiwe juu yako. Mimi nikaweka jiwe langu la Tabora. Danieli aliliona kuwa si kama mengine, akaniuliza limetoka wapi, nikamweleza lilivyosafiri: dada yangu alilitoa karibu na ile shule yako, akampa mtu wa ubalozi, likakamatwa uwanja wa ndege wa Dulles, maofisa watatu wakalizunguka kama bomu, mpaka nikaenda mwenyewe kulitetea. Danieli akanikumbatia akalia. Sijawahi kukumbatiwa na mwanamume kwa muda mrefu namna ile.

Wiki chache baadaye, Bi Rebeka, meneja wetu, akaniita ofisini. Nilijua ni kile kioo cha pembeni nilichokikwangua, nikaingia na maelezo yangu tayari, kwamba ni paa aliyekigonga, tena paa mwenye pembe. Kumbe mezani pameketi lile kopo lako la biskuti.

Ulikuwa ukija nalo kila Jumapili ya Simu, ile siku moja kwa mwaka mnapokaa meza ndefu, kila mtu na simu yake na ule mkate wenu wa duara wenye tundu katikati, mnapigia watu kuomba ahadi za kampeni. Nilidhani mna biskuti ndani. Bi Rebeka akafungua: kadi, kadi, kadi, kila mtu wako na kadi yake, jina na namba, na chini yake maneno kwa mwandiko wa ubaoni. Yote Kiswahili, tena ya mkato. Bi Rebeka alisema alijaribu kuyatafsiri kwa simu yake ikamletea upuuzi mtupu. Akaniuliza kama naweza kuyasoma.

Nikasoma ya kwanza. "Goti la kushoto. Mke alihama. Usimtaje mke." Nikafunga mdomo. Nikaelewa kwa nini uliandika kwa lugha ambayo ofisi nzima haisomi. Yale yalikuwa mambo ya watu.

Uliwahi kunieleza, siku ya theluji tulipokwama pale Rockville, jinsi shughuli yenu inavyokwenda. Kwamba jumuiya ina kapu moja kubwa. Kila mmoja anatia kwa uwezo wake, kisha kamati inakaa na kugawa: hiki cha nyumba ya wazee, hiki cha jiko linalopeleka chakula majumbani, hiki cha wale wanaotafutiwa kazi, hiki cha wageni walioshuka juzi kutoka vitani na begi moja. Na hakuna anayeulizwa anasali wapi, ndiyo maana Mama Njeri na rozari yake anapanda bure na mimi na Ramadhani yangu naendesha. Ila kapu likipungua, ulisema, kinachokatwa kwanza ni kile kidogo ambacho hakina mtu wa kupiga kelele.

Sasa kidogo hicho ni basi la Jumatano. Bi Rebeka alisema waziwazi. Watu wa kopo lako ndio waliokuwa wakilibeba, na wao walizoea sauti yako. Wasipoahidi mwaka huu, basi la Jumatano linaondolewa. Mzee Moti huenda kliniki mara tatu kwa wiki. Siku nyingine binti yake humpeleka, Jumatano hana mtu. Bi Rebeka aliniomba nikalie kiti chako Jumapili ya Simu.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, amekuja kwa mwenyewe. Na kweli, Mwalimu, kuchangisha ninakujua. Ni harusi gani ya Mtanzania hapa imepita bila mimi kwenye kamati? Ni msiba gani? Kwetu mchango unavutwa. Unamtajia mtu kwamba fulani ameshatoa, tena kwa moyo, yeye je? Anaona haya, anaongeza. Nikavaa suti.

Wa kwanza niliyempigia alikuwa Bibi Doroti, yule karani mstaafu wa mahakama, kwa sababu kwenye kadi yake uliandika kuwa wengine humsikiliza. Nilisoma hapo, na habari ya kiuno chake, nikaona nimetosheka. Nikamsalimu, nikampa pole ya kiuno, nikaanza kuvuta. Nikamtajia jirani yake kwamba ameahidi vizuri mno, na jirani mwenyewe sijampigia bado. Akajibu kwa sauti ya mahakamani, "Sikukuuliza ya mwenzangu."

Hapo nikaingiwa na hofu. Na mimi nikiogopa, Mwalimu, unanijua, mdomo unatangulia. Nikamwambia Mzee Moti yuko siku zake za mwisho. Nikamwambia basi likiondoka mwezi hauishi tutakuwa tumemzika, na kwamba mwenyewe ameniomba nimfikishie Doroti salamu za kuagana. Upande wa pili nikasikia kama mtu anavuta pumzi, simu ikakatika.

Nikajua nimeshinda. Mna ile kengele ya mezani inayopigwa ahadi ikipatikana. Nikaipiga. Meza nzima ikanishangilia.

Jumatano Mzee Moti alipanda zile ngazi tatu kama kawaida yake, ngazi moja, pumzi, ngazi moja, pumzi. Akakaa. Akaweka mfuko wake magotini. Akasema, "Ramadhani, nasikia mimi ni marehemu."

Nilijifanya naangalia kioo.

"Nilikuwa nakunywa supu," akasema. "Doroti akapiga simu analia. Amelia mpaka nami nikaanza kujisikia vibaya. Supu ikapoa." Akaniacha niendeshe kidogo, halafu akaendelea kwamba Doroti, alipomsikia yu hai na anauliza chumvi iko wapi, alikasirika kuliko alivyolia. Alisema hatoi, na wenzake atawapigia mmoja mmoja awaambie wasitoe. "Na umeniua bila kuniuliza. Ungeniuliza, ningekohoa kidogo nikusaidie."

Sikucheka. Yeye ndiye mwenye figo na ndiye aliyekuwa akinichekesha. Tulipofika kliniki akatoa matufaha yake kwenye mfuko. Ulimzoea: lake moja, lako moja. Bado analeta mawili, Mwalimu. Lako analiweka juu ya koti, hasemi kitu, anashuka.

Nilibaki na lile tufaha. Nikatoa kadi ya Bibi Doroti nikaisoma mpaka chini, jambo ambalo ningefanya tangu mwanzo kama nisingekuwa fundi wa kila kitu. Mstari wa mwisho uliandika: "Mwambie kitu kimoja ulichokiona mwenyewe. Kisha nyamaza."

Nimepita theluji, nimepita barabara ya mzunguko wakati wa mvua ya mawe, lakini namba ile niliibonyeza mara tatu nikaikata. Ya nne ikapokelewa. Nikasema, "Mama Doroti, ni Ramadhani, dereva. Nilikudanganya. Mzee Moti hafi, isipokuwa polepole kama sisi wote."

Nikamweleza ngazi tatu za Mzee Moti na pumzi zake. Nikamweleza matufaha mawili na kiti chako. Basi. Nikanyamaza. Mwalimu, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuendesha lori. Niliuma ulimi nikahesabu magari meupe yanayopita.

Mwishoni akauliza, "Hilo basi hupita mtaa wangu?"

Nikasema linaweza kupita. Akaniambia, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba aliacha kuendesha tangu majani yalipoanza kuanguka, aligonga sanduku la barua la jirani, na hajamwambia mtu, hata watoto wake. Tangu hapo anawaambia watu anapenda kukaa nyumbani. Kisha akasema atatoa kama alivyokuwa akitoa kwako, na wenzake atawapigia tena, mmoja mmoja, awaambie kuwa dereva ni mwongo aliyetubu. Sikubishana na cheo hicho.

Basi limebaki, Mwalimu. Kwa mwaka huu limebaki. Walioahidi si wote. Wawili walinikatia simu, na yule wa goti alizungumza nami muda mrefu sana habari za mkewe, bila mimi kumtaja. Bi Rebeka anasema mwakani tutaanza tena upya, kama kulima.

Usiku ule wa Jumatano, kabla ya kulirudisha kopo ofisini, niliandika kwenye kadi ya Doroti: "Anapanda Jumatano. Ameacha kuendesha, aligonga." Nilipokuwa naipanga mahali pake vidole vikakutana na kadi yenye jina langu.

Mimi, kwenye kopo la wafadhili. Umeandika: "Ramadhani, dereva. Muulize habari za Nzega. Shule usiulize. Ijumaa hutia kitu kwenye kile kisanduku cha sadaka jikoni. Mwache adhani hakuna aliyeona."

Yale ya kisanduku sijamwambia mtu, hata watu wa Bowie, na unajua hao huwaambia hata nisiyoyafanya. Ukinipa paa nitamfanya nyati, lakini lile nililiacha lilivyo. Sijui kwa nini. Nilidhani ni langu peke yangu.

Ya shule tuyaache, kama ulivyoandika.

Nikarudi kwenye kadi ya Doroti, nikafuta mstari wangu wa pili. Badala yake nikaandika: "Sababu usiulize." Mwandiko wangu umelala na wako umesimama, ila ikikaa pamoja inapendeza.

Jumatano iliyofuata nilitoa koti kwenye kiti chako. Bibi Doroti alipanda na kofia ya kwenda harusini, akakaa pale bila kuuliza. Mzee Moti akamtazama, akamwambia marehemu anamsalimu, kisha akatoa tufaha la pili akampa. Sikugeuka nyuma. Dereva haruhusiwi kugeuka.

Naona nesi anaashiria mlangoni, mzee wangu anatoka. Nakuahidi, Mwalimu, Jumapili ya Simu ijayo nitakaa kiti kile bila suti, nitasoma kadi mpaka mstari wa chini, na kengele sitaigusa kabla ya mtu kusema ndiyo. Mambo ya watu nitayaandika kwa Kiswahili, na siku nikichoka nitamfundisha mtu kuyasoma. Pumzika pema, bibi yangu. Nzega hawajambo.

Kuna moja limebaki. Danieli amelipiga picha lile jiwe, amewatumia ndugu zenu mpaka ng'ambo, na kila akija kukuzuru analipangusa kwa leso. Nitamwambia mwenyewe, lakini wewe ujue kwanza. Si la Tabora. Sikujua kuwa watu huja na vijiwe, nikaona kila mtu analo na mimi mikono mitupu, nikarudi maegesho nikaokota karibu na tairi la mbele la basi. Lina lami upande mmoja. Nililiweka upande wa lami chini.

Dereva wako,
Ramadhani