Kioo cha Nukta Nyekundu

La Rochelle, Johannesburg

Yaya Jocelyne, dada yangu,

Kikohozi kimeisha. Koti ulilonitumia linanibana mabega, lakini nalivaa.

Jumamosi, kwenye duka la bunduki nilikokuwa nikilinda geti, baba mmoja alimleta binti yake wa miaka kumi na mmoja kuchaguliwa bunduki ya kuwindia kanga. Akataka ifungwe darubini. Nikajikuta nasema: "Hapana, mzee. Darubini itamwonyesha kanga peke yake. Chukua kioo cha kulengea, hiki cha nukta nyekundu, alenge macho yote mawili yakiwa wazi, aone na kilicho nyuma ya ndege."

Bosi akacheka. "Eish, umejifunzia wapi?"

Nikasema kwenye vitabu.

Wewe unajua. Siku ile shambani nilifumba jicho moja, nikamwona kanga tu. Mdogo wetu Ezéchiel alikuwa nyuma yake, anaokota kuni.

Mwambie Mama asiniulize tena nitarudi lini. Nilihama nisiishike tena bunduki, lakini tangu Jumatatu, kwa ushauri ule, bosi ameniondoa getini. Nashinda ndani, nyuma ya mageti mawili anayoyafungua yeye tu. Kila mtoto akiletwa kuchaguliwa bunduki, naitwa mimi.

Mdogo wako aliyebaki,
Marcellin