Bolti Niliyoiweka Kichwa Juu

Alhamisi. Baridi ya Julai imeamua kukaa hapa Shauri Moyo kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi kwao. Jua limechungulia saa nane, likaona hakuna la maana, likarudi zake. Lakini mimi nina joto. Leo nimeshiba, nimefurahi na nimeaibika, na mtu wa miaka sabini na mbili hapati vyote vitatu kila siku.

Kwa wale wanaofika hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa miguu ya ndege. Sio ndege nzima. Miguu. Yale magurudumu na vyuma vinavyokunjwa ndege ikipaa na kukunjuliwa ikitaka kutua. Injini waachie watu wa kujipaka manukato. Miaka thelathini na moja nilikuwa kwenye banda la ndege, sisi tunaita hanga, kule kiwanja kidogo ng'ambo ya mji, na hakuna ndege niliyofunga miguu ikalala kwa tumbo. Ulizeni.

Shule sikukaa. Kusoma nilijifunza ngumbaru, na mvi tayari kichwani, nikikaa dawati moja na wamama wa sokoni. Hii blogu naandika kwa kidole kimoja. Kiswahili nasoma polepole. Kiingereza changu ni cha spana: majina ya vyuma yote ninayo, lakini ukiyapanga kwa sentensi nakuachia.

Miaka sita sasa tangu nistaafu. Miaka sita natengeneza jiko za watu na vitasa vya milango hapa estate, na kila anayeleta kitasa namweleza habari ya ndege, hata kama ana haraka.

Basi wiki jana simu ikalia. Ni Wanjiru.

Wanjiru alikuja hanga akiwa msichana wa mafunzo, hajui spana ya kumi na ya kumi na mbili. Mimi ndiye nilimfundisha. Leo ni injinia mwenye leseni, sahihi yake ndiyo inarudisha ndege angani. Mbele ya watu namwita injinia. Tukiwa wawili namwita mama.

Akaniambia kuna amri imekuja. Ndege za aina fulani, zile ndogo zinazobeba dawa na watu mpaka kule kaskazini, mguu wake una bolti moja kubwa inayoshika kiungo, kama goti. Huko nchi za nje bolti hiyo ilipasuka, goti likakataa, ndege ikakaa chini kama bata. Hakuna aliyeumia. Lakini amri ni amri: kila ndege ya aina hiyo, popote duniani, itolewe bolti ya zamani, iwekwe mpya iliyo nene na ndefu kidogo, na mpaka hapo hairuki. Kule hanga wanazo tano, na vijana wa siku hizi hawajawahi kufungua goti hilo hata moja.

"Mzee, utakuja?" akaniuliza.

Nikasema nitafikiria, ili asijue kwamba nimeshavaa viatu.

Jumatatu niliingia hanga kama chifu. Otieno, fundi tuliyefanya naye kazi zamani, alikuwa chini ya bawa. Akaniona akasema, "Ala, mbona mlisema huyu alikufa?" Nikamwambia nilikufa, nikafika juu, nikakuta milango imefungwa vibaya na fundi Mjaluo, nikarudishwa nikalete spana. Tukacheka mpaka Wanjiru akatuita tuingie kazini.

Akatusomea ile amri. Kurasa kumi na moja. Kisha akaweka mkono juu ya karatasi akasema neno moja, na alisema akiniangalia mimi: asiyefuata karatasi hii hashiki ndege nyingine zilizobaki. Hata awe nani.

Sikujali. Mimi na miguu ya ndege, karatasi ya nini?

Halafu nikaona mchoro.

Mchoro ulionyesha bolti mpya imeingia kutoka chini. Kichwa chini, nati juu. Niliangalia mara mbili, nikaigeuza karatasi, nikairudisha. Sasa sikilizeni, nyinyi ambao hamjashika chuma. Kwa ndege, bolti inaingia kichwa juu. Hiyo ni sheria ya kwanza. Kwa sababu gani? Kwa sababu nati ikianguka angani, bolti iliyo na kichwa juu inabaki imening'inia shimoni, inashika. Ya kichwa chini inachomoka na kwenda zake. Nilifundishwa hivyo, na nimefundisha hivyo. Huyo Wanjiru mwenyewe nilimwimbisha kila asubuhi: kichwa juu, kama mtu.

Nikasema mchoraji amekosea. Labda alikuwa na njaa.

Jioni hiyo nilipitia soko la Burma kula nyama. Njoroge wa bucha akaniuliza kazi ikoje, nikasema kwa sauti iliyofika hata bucha za jirani: Wazungu wamechora ndege miguu juu, wameona wamtafute mzee wa Shauri Moyo awarekebishie. Watu wakapiga meza. Njoroge akaniongezea mfupa.

Jumanne nikaifunga bolti ya mguu wa kushoto. Kichwa juu. Nikakaza, nikatia pini, nikapiga mstari mwekundu juu ya nati, ule wa kuonyesha kwamba ikilegea tutaona mstari umevunjika. Kazi safi kama mkeka mpya.

Jana Wanjiru akaja na tochi kukagua. Akaangalia. Akaangalia karatasi.

"Mzee. Umeigeuza."

"Sijaigeuza mimi. Mchoraji ndiye aliigeuza."

"Karatasi inasema kichwa chini."

"Na mimi nilikufundisha kusema nini?"

Akaikunja karatasi, akaikunjua. Alisimama na tochi inawaka mchana. Mwishowe akasema, "Ndiyo maana inaniuma. Ingekuwa mtu mwingine ningeshamwambia afungue." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Otieno alikuwa anazungusha kichwa huku na huku kama mtu anatazama mpira wa meza.

Tukakubaliana hivi. Leo asubuhi ndege inapandishwa kwa jeki, miguu inaning'inia, kisha yeye anakaa ndani kwenye kiti cha rubani na kukunja mguu kwa pampu ya mkono, polepole. Mimi nachuchumaa chini na tochi, naangalia goti. Kama bolti haigusi kitu chochote, ataandika barua kwa waliotengeneza ndege kuuliza kuhusu mchoro wao. Ikigusa, nafungua, naweka kama karatasi, na nakusanya spana zangu. Zile ndege nne hazitaniona.

Nilikubali haraka sana. Mtu anayejua hakawii.

Jana sikulala vizuri, nakiri. Mama Nekesa, mke wangu, akaniuliza, "Baba Nekesa, unageukageuka nini?" Nikasema ni baridi. Akanipa blanketi yake. Nikageuka nikiwa na mablanketi mawili.

Leo asubuhi basi.

Ndege ikapanda kwa jeki. Otieno akaenda upande wa mguu wa kulia. Wanjiru akapanda juu. Pale nilipochuchumaa hakuna mwingine anayeweza kuona goti hilo, nafasi yenyewe ni ya kichwa kimoja na tochi moja. Nikapiga kelele, tayari. Pampu ikaanza. Kwa-cha. Kwa-cha. Mguu ukaanza kukunjika kwa upole kama ng'ombe anayetaka kulala.

Goti likazunguka. Ule upande wa chini wa kiungo, penye nati yangu na mkia wa bolti mpya, ukawa unapanda kuelekea ndani. Na huko ndani kuna paipu nyembamba ya breki. Bolti ya zamani ilikuwa fupi, ilikuwa inapita hapo ikiinama kidogo kwa heshima. Mpya ni ndefu.

Kwa-cha.

Ncha ya bolti ikafika kwenye paipu. Ikabusu. Sio kugonga, kubusu tu, kama mashemeji kwenye harusi. Mguu ukajifunga mahali pake, kila kitu kikatulia.

"Mzee, inagusa?" Wanjiru akaita kutoka juu.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika ukweli, kwa sababu kama sio hapa, wapi?

Nilinyamaza.

Niliona bucha ya Njoroge. Niliona vitasa vya milango vinanisubiri, na mimi nikimweleza mtu mwenye haraka habari ya ndege niliyoshika mara ya mwisho. Niliwaza: imegusa kidogo tu. Karatasi ya sigara ingepita. Pengine nikikwangua mkia wa bolti na faili, nani atajua? Aliyeona ni mimi peke yangu duniani.

Halafu nikawaza hiyo paipu. Kila ndege ikipaa, busu moja. Ikitua, busu lingine. Mwezi mmoja, paipu imekonda. Siku moja rubani anatua kule kwenye kiwanja cha vumbi, anakanyaga breki, hakuna breki. Na kitabuni iko sahihi ya Wanjiru.

"Mzee? Uko?"

"Niko."

"Inagusa?"

"Inagusa."

Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Otieno, upande wa pili, aliweka spana yake chini, na Otieno akikosa mzaha ujue mambo ni mazito.

Mguu ukashushwa. Wanjiru akateremka, akachuchumaa pale pale nilipokuwa, nikamwonyesha alama kwenye paipu, kijimstari kama unywele. Akaiangalia sana. Kisha akatoa simu mfukoni akanionyesha. Alikuwa ameshaanza ile barua. Jana usiku, nyumbani kwake, kwa Kiingereza cha heshima. Alikuwa anawauliza waliotengeneza ndege kama kweli mchoro wao uko sawa, kwa sababu mwalimu wake hajawahi kukosea bolti.

"Nilikuamini, mzee," akasema. "Nilikuwa nabakisha kuituma tu."

Akaifuta mbele yangu. Mimi nilitazama kwingine, nikajifanya natafuta tochi, na tochi nilikuwa nimeishika.

Nikaanza kukusanya spana. Ahadi ni ahadi. Nilikuwa nimefika ya kumi na nne aliposema, "Unaenda wapi?"

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kwanza unafungua. Umeiweka wewe, utaitoa wewe."

Nikaitoa. Nikaweka mpya nyingine, maana iliyogusa hairudishwi. Kichwa chini, na moyo unakataa lakini mkono unatii. Alinieleza kwa nini hapo kichwa chini si hatari: hiyo nati mpya ina pini mbili na kifuniko juu, hata ikitaka kuanguka haina njia. Iko kwenye ukurasa wa sita. Ilikuwa kwenye ukurasa wa sita tangu Jumatatu. Tukakunja mguu tena. Safari hii bolti ikapita mbali na paipu, vidole viwili vinaingia, na nilipima kwa vidole vyangu mwenyewe pampu ikiwa imesimama. Kazi nzuri sana. Naisema mimi, na mimi sisifu watu ovyo. Mchoraji yule hakuwa na njaa.

Otieno akapata sauti yake. "Kichwa chini, kama popo," akaimba. Ameimba mpaka saa kumi. Atakuja kuimba kwenye mazishi yangu.

Wakati wa kutoka nilimwendea Wanjiru, tukiwa wawili. Nikamwambia, mama, sasa niambie vizuri. Nije au nisije?

Akafikiria. Hakunirahisishia, na nilimfundisha mimi asiwarahisishie watu. Akasema sheria ya karatasi iko pale pale. Kwa hiyo kesho, kabla sijashika spana, nitasimama mbele yake na Otieno, nisome ukurasa wa sita kwa sauti, kwa Kiingereza, mpaka mwisho. Nikimaliza, nashika mguu wa pili. Nikishindwa, naenda nyumbani na tutabaki marafiki.

"Na uje na miwani," akasema.

Miwani ninayo. Nilikuwa naiweka ya kanisani.

Nikapitia Burma. Njoroge aliniona kutoka mbali. "Mzee, wale Wazungu wameomba msamaha?" Bucha nzima ikageuka. Nikasema nimewasamehe, nikatie nusu kilo. Ndio, nimeandika hivyo, na ndivyo nilisema. Kwa Wanjiru ukweli ulitoka, kwa Njoroge ulikwama. Njoroge, kama unasoma hii, sasa unajua, na usinipunguzie mfupa.

Sasa ni saa moja jioni na ukurasa wa sita uko hapa mezani, kando ya sahani. Mama Nekesa alifika darasa la saba, ana Kiingereza cha kutosha kunigombeza nacho. Amekaa karibu, ananisikiliza. Nikikwama ananitajia neno, mimi nalirudia, yeye anacheka, mimi nakasirika, tunaendelea. Majina ya vyuma yote napita mbio. Ni yale maneno madogo ya katikati yanayonishika mguu. Anasema kuna neno moja linamaanisha "lazima" na limerudiwa mara tisa kwenye ukurasa mmoja. Nikamwambia mwandishi anajua watu kama mimi wapo.

Nimefika mstari wa kumi na moja. Iko ishirini na minane.

Chai iko kwenye moto, miwani iko puani, na Mama Nekesa hajaanza kusinzia.

Kesho ni mguu wa kulia.