Doa la Buluu

Koskiranta, 4 Machi 1998

Dada yangu Helvi,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani. Je, goti limepata nafuu, na huko Sweden theluji imeanza kuyeyuka? Mimi ni mzima, ila masikio yananigomea.

Wanakijiji wameniomba, kwa kuwa ni mwalimu mstaafu, niandike kitabu cha maisha yetu ya enzi za kiwanda cha mbao. Nimeandika jinsi king'ora kilivyotuamsha na kutuita kula, na zamu za kuoga mvuke saunani: wasimamizi Ijumaa, sisi Jumamosi, kila safu ya nyumba na saa yake. Wiki hii nimefika mwaka 1961, nikakwama.

Unakumbuka magogo ya misitu palipopiganwa vita yalikuja na vipande vya mabomu ndani. Kazi ya marehemu mumeo, shemeji Urho, pale majini magogo yalipoelea kuingia kiwandani, ilikuwa kuyatambua na kuyatenga, kwani chuma hutia mti doa la buluu. Gogo moja likapita. Msumeno ukakatika, kipande kikamtoboa jicho Kauko, aliyekuwa akiuendesha.

Tangu hapo hakuna aliyeketi karibu na Urho saunani. Akichota maji ya kumwagia mawe ya moto, wenzake walimuuliza, "Vipi bwana Macho, haya nayo hayana chuma?" Mwaka uliofuata mkahama, nawe ukaniambia kituoni kwamba uzembe wa mumeo umekunyang'anya kwenu.

Dada, Urho hakuwepo. Zamu ya sauna ilikuwa ya safu yenu, akaniomba nishike upondo wake akawashe moto. Doa nililiona. Nikadhani ni ukungu wa kawaida wa mti, ambao nao ni wa buluu. La chuma huwa jeusi zaidi katikati. Nami, msomi wa familia, sikumuuliza mtu. Nilipotaka kusema, Urho akanikaripia: "Nyamaza wewe! Chuo cha ualimu hakitakuchukua na kesi. Mimi ngozi yangu ngumu." Nikanyamaza miaka thelathini na saba, nikawafundisha hata watoto wa Kauko kusoma.

Ukurasa huo sasa una jina langu. Nimeupeleka kwa mpiga chapa asubuhi hii kabla ya kukuandikia, nisije nikabadili nia. Sidai jibu kwako. Nakuomba tu uende kaburini kwa Urho, umwambie kwamba umejua.

Nisalimie watoto na wajukuu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Taisto