Mguu Uliopo

Kwako dada yangu,

Salamu zangu zikufikie huko kazini ukiwa mzima, na kama mgongo bado unakusumbua, basi zikukute umekaa, ingawa nakujua, hukai. Sisi huku hatujambo. Mafua yangu yamekwisha, na binti yako Chiriku ana afya tele. Mdomo wake haujapumzika tangu alipojua kusema.

Barua yako niliipata. Umeniambia shule zikifungwa nimkabidhi kwa rafiki yako atakayepita huku, amlete kwako, maana sasa umepata nyumba ya vyumba viwili. Nilikufurahia, dada, kwa moyo wote. Jibu ndilo lililonishinda kuandika, mpaka leo.

Lile darasa langu la kazi za mikono bado lipo kila Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma ya duka la fundi viatu. Fundi hutugawia vipande vya ngozi vinavyombakia, nasi tunamvumilia utani wake. Safari hii niliwaambia watoto wawashonee mama zao ndara. Kila mmoja akamsimamishe mama yake juu ya gazeti, auzungushie mguu penseli, aje na kipimo. Wakaja navyo. Mama mmoja alitekenyeka, mguu wake ukatoka kama kiazi.

Mwalimu wao, yaani mimi, nikasahau kuwaambia waache upana wa kidole kimoja nje ya mstari kwa ajili ya mshono. Wakakata palepale kwenye mstari. Fundi alipochungulia alicheka mpaka akashika ukuta, akasema mwaka huu visigino vya mtaa mzima vitapunga hewa. Na kweli, siku ya maonyesho ya darasa kina mama walizivaa hivyohivyo, visigino nje, wakijidai kama maharusi. Nilicheka na mimi, lakini zangu zilikuwa zinanibana.

Naam, zangu. Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Siku ya vipimo Chiriku alikuja bila gazeti. Nilimwambia asijali, nitakuandikia utume mchoro wa mguu wako ndani ya barua. Akanyamaza, yeye! Kisha akapiga magoti, akanivua kiatu na kuuweka mguu wangu kwenye gazeti mbele ya wenzake wote. Mwenzake mmoja akamwambia huyo si mama yako, ni mama yako mdogo. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba anajua, ila huyu ndiye mwenye mguu uliopo.

Nilipaswa kusema neno, dada. Sikusema. Nilisimama juu ya gazeti nikiomba asimalize upesi. Nilifurahi, na tangu siku ile furaha hiyo inanitesa, kwa sababu ilikuwa yako.

Baada ya maonyesho nikamweleza habari za safari. Nilidhani atarukaruka. Akaniuliza wakifika huko atakujuaje. Nikamletea picha yako. Akasema picha anaijua, anayemuulizia ni wewe. Uliondoka akiwa anatambaa, dada, na hakuna wa kulaumiwa, huko ndiko kazi iliko.

Kwa hiyo simtumi na mtu. Sikunyang'anyi, mtoto ni wako, na nguo zake nitazikunja mwenyewe. Lakini omba likizo uje. Ukae nasi, umsuke, umgombeze, akununie, mzoeane kabla hujamchukua. Ukitaka kunikasirikia, njoo unikasirikie hapahapa sebuleni.

Ila usikawie. Wiki hii ameniita mama mara mbili, hilo neno "mdogo" amelisahau njiani. Mara ya kwanza nilimsahihisha. Mara ya pili niliitika.

Nisalimie wenzako wa kazini, na ule mgongo uufunge kitambaa cha moto. Fundi viatu anakusalimu sana. Chiriku angekuandikia mwenyewe, lakini amesema hajui aanzeje.

Akupendaye,
Mdogo wako