Bwana na Bibi wa Sinema, Hapa Kimulot

Jumanne, 3 Agosti 1971
Ni kweli! Sinema inapigwa hapa hapa, shamba letu la chai. Watu wa Nairobi wamefika na mashini ya miguu tatu. Mkubwa wao ni Bwana Ayoo — viatu nyeupe, kwa matope hii yetu! Sinema ni ya kufundisha watu vile bwana na bibi wanalima chai yao na kukaa kwa amani. Wanataka watu wa hapa. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa laini, na kitambaa ya kanisa. Nikamwambia najua kuchuma, najua kucheka, na meno yangu yote iko. Akaandika jina. Ombati, mzee wangu, anasema mashini itaniogopa. Wivu tu.

Jumatano, 4 Agosti
Wamechagua. Bwana ni Hezekiah, yule Mkipsigis wa shamba ya karibu na mto. Mtu mzima, mpole. Bibi ni — Chemutai! Mwalimu wa nasari, mtoto wa juzi! Mrembo, sikatai. Lakini bibi ya Hezekiah? Nyanchama, bibi ya karani, alikuwa amenunua hata poda. Tumecheka mpaka tukasahau kukasirika.

Ijumaa, 6 Agosti
Leo kikapu nusu tu. Nilikuwa natazama. Kuna maneno pale! Ayoo anamwambia Chemutai, kaa karibu na bwana yako. Msichana anasogea kidogo tu. Hezekiah naye anasogea — huko mbali! Akasogea mpaka benchi ikaisha, akaanguka chini pu! Akipewa chai na huyo bibi yake, anaangalia ng'ombe. Hawaangaliani hata mara moja. Nikajua hawa wamekosana. Nikaambia Nyanchama peke yake. Akauliza, wamekosania nini? Nikasema labda mpaka wa shamba. Nilisema labda!

Jumapili, 8 Agosti
Kanisani nimeletewa habari yangu mwenyewe, na imenona! Eti Chemutai alimwagia Hezekiah chai ya moto. Eti wazee wameketi juu ya hiyo maneno. Eti bibi atabadilishwa, awekwe Nyanchama ama mimi. Wengine wananisalimia, "Habari, bibi ya sinema!" Nikitoka hapo nimekula ugali mara mbili.

Jumatatu, 9 Agosti
Imeharibika. Ayoo amesikia. Anasema hawezi kupiga sinema ya boma ya amani na watu wanachukiana. Kesho wanafunga vitu waende Kipkelion. Kipkelion! Na sisi?
Nikamkuta Chemutai analia nyuma ya nasari. Nikasema, mwanangu, mlikosana nini na yule mzee?
Akashangaa. "Kukosana? Mama, yule si ni baba!"
Kumbe baba yake na Hezekiah walitahiriwa pamoja. Ni rika moja, ibinda vile wanaita. Kwa Wakipsigis, binti ya mtu wa ibinda yako ni binti yako. Kuitwa bibi yako hawezi, hata kwa mchezo. Nikauliza, mbona mkanyamaza? Akasema mzee alimhurumia, angesema angetolewa kwa sinema. Na yeye alitaka sinema sana.
Sisi Wakisii tumekaa hapa na hawa watu miaka kumi na mbili, na mimi hiyo sijui! Nimerudi nyumbani. Chakula hata sijaonja.

Jumanne, 10 Agosti
Asubuhi, kabla ya kengele, nimemshika Ayoo akifunga kamba kwa gari. Nimemwambia yote. Hata kwamba mwenye kuanza ni mimi. Nikasema, bwana, mfanye Chemutai binti, si bibi! Amekaa juu ya sanduku, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akafungua kamba tena!
Hezekiah amekuja akampa Chemutai mkono, "Mtoto wangu, mama hajambo?" Wameketi benchi moja, wanaongea kama kasuku.
Sasa bibi ndiyo hakuna. Nyanchama amesimama na poda. Mimi matope mpaka magoti. Ayoo ametuangalia, akasema, hii ni sinema ya wakulima, leteni huyu wa matope.
Mimi! Huyu wa matope!
Nimechuma na bwana yangu wa sinema mstari mzima. Mashini haichukui sauti, basi nimeongea mpaka nikachoka. Sasa mvua imeingia, tumejificha chini ya mabati. Daftari nilikuwa nayo ndani ya kikapu. Chemutai ametumiminia chai. Hezekiah ananipatia kikombe changu, anauliza polepole, "Bibi yangu, wewe unajua watu wote hapa. Huyo mtu alisema mimi na mtoto tumekosana, ni nani?"
Ayoo huko nyuma amegeuka, mabega inatingika.
Nimesema ngoja kwanza mzee, nimalize kuandika kitu kidogo. Amesema sawa, atangoja. Na kweli anangoja. Mvua nayo inataka kuisha —