Ndiyo Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeruka saa moja na dakika kumi. Nimetua mara tano. Ya kwanza ovyo, ya pili ovyo zaidi, tatu za mwisho safi – hata mwalimu alikohoa kwa namna ya kuridhika.

Tuliposhuka aliniambia kuwa leo alikuwa na kazi nyingine ya pembeni. Alikuwa anahesabu. Ndani ya saa ile moja nimesema "ndiyo" mara thelathini na moja. "Hapana" je? Hakuna. "Sijaelewa"? Hakuna. Akauliza kama hilo halinishangazi. Nikamjibu: ndiyo.

Alicheka mpaka masharubu yakatingishika. (Dada kamwita Masharubu tangu siku ya kwanza nilipomsimulia, na sasa hata mimi nimesahau kama ana jina.) Nami nilicheka. Lakini kwenye basi nilianza kujihesabu. Dereva: ndiyo. Mwenye duka: ndiyo. Jirani aliyeniuliza kama mfuko wa takataka mlangoni ni wangu: ndiyo. Haukuwa wangu! Nimeubeba mpaka chini.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa kitandani na viatu miguuni. Niandike kabla dada hajarudi kutoka kazini, maana akiuona uso wangu atauliza, na akiuliza nitalia.

Tulikuwa tunarudi uwanjani. Masharubu akanyoosha mkono, akazungusha kitufe cha kipimo cha kimo – kile kinachosema ndege iko juu kiasi gani. Kikasoma futi mia tano zaidi ya ukweli. Yaani kioo kinasema mko juu, kumbe mko chini. Hilo ni kosa la kuua watu. Na nililiona kwa macho yangu mawili. Na nikanyamaza.

Nilijiambia: huyu ni mtu mzima. Ana miaka ishirini na mbili angani. Lazima ana sababu zake. Mimi nani?

Tukashuka. Tukazidi kushuka. Mapaa ya nyumba yakawa makubwa, nikaona nguo kwenye kamba, nikaona shuka la bluu. Na mimi? Kimya! Mwisho yeye mwenyewe akavuta usukani, akapandisha ndege, akarudisha kitufe mahali pake. Injini ilipozimika ndipo akaniuliza.

Uliona? Niliona. Tangu lini? Tangu ulipokigusa. Sasa kwa nini hukusema?

Nikamwambia ukweli. Nilikokulia, mtu mzima hakosolewi usoni. Unasubiri. Akijirekebisha, vizuri. Asipojirekebisha, unatafuta mtu mzima mwenzake akamwambie kwa upole, kesho yake.

"Kule juu hakuna wa kumtuma," akasema. "Leo ungeniua kwa adabu."

Hakupayuka. Angepayuka ingekuwa afadhali.

Ameandika kwenye faili langu. Tarehe kumi na tisa nitapimwa na mkaguzi mkuu wa shule. Nikifaulu, nitaruka peke yangu kwa mara ya kwanza. Nikinyamaza tena namna ile, natolewa kwenye mafunzo. Na kibali changu cha kukaa nchi hii ni cha mafunzo. Hakuna mafunzo, hakuna kibali. Basi.

Nimeona aibu. Si ya kufeli. Ya kujua jibu na kulimeza.

Alhamisi, 6 Machi

Dada alijua kabla sijafungua mdomo. Nikamweleza yote, mpaka shuka la bluu.

Nilidhani atanionea huruma. Akasema mimi ni kitinda mimba, wa saba, na nyumbani kwetu mtoto wa saba huwa anaruhusiwa kusema pale tu nyumba inapowaka moto – na hapo pia aanze na shikamoo. Tukacheka sana. Shemeji akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Dada akamwambia lala.

Halafu akawa anakunja sare yake ya kazi. Anafanya usafi hospitalini, zamu ya alfajiri, ili mimi nisome. Hajawahi kunisimanga kwa hilo, hata siku moja. Akasema tu: mdogo wangu, hizo siku kumi na tatu zilizobaki tutazitumia.

Sikumwelewa.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwelewa!

Asubuhi dada ameweka sufuria tupu jikoni. Amewasha moto. Anaimba. Nikaangalia sufuria, nikamwangalia yeye. Sufuria ikaanza kunuka. Nikasema moyoni labda anaikausha. Ikaanza kutoa moshi! Dada anaimba tu, jicho pembeni.

"Dada, sufuria haina maji."

Akazima. "Dakika nne," akasema. "Tumeshakufa wote."

Mchana ametia chumvi chai badala ya sukari. Nilisema kabla hajakoroga. Jioni amevaa viatu viwili tofauti akaelekea mlangoni – nikasema akiwa bado hajashika kitasa. Shemeji yeye hana habari. Kainywa ile chai.

Jumanne, 11 Machi

Nimevuka mpaka wa adabu. Shemeji alikuwa ananipeleka uwanjani, akawa anarudi nyuma kutoka kwenye maegesho huku anazungumza habari za bosi wake. Nyuma kulikuwa na nguzo.

"Shemeji, nguzo."

Akaendelea.

"Shemeji! Simama!"

Akasimama. Nafasi ya kiganja imebaki. Akashuka, akaitazama nguzo, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeichomeka pale. Akauliza nimeanza lini kumwendesha. Hakunisemesha tena njia nzima. Kilomita kumi na moja, kimya!

Nilijisikia vibaya mno. Huyu mtu alinipokea nyumbani kwake na begi moja. Nilikuwa karibu kumwomba radhi – kwa nguzo! Nikajizuia. Jioni kamwambia dada, mimi niko chumba cha pili nasikia, kuwa huyu mdogo wako ana macho. Sijui kama ni sifa au malalamiko.

Ijumaa, 14 Machi

Leo, angani. Mnara wa kuongozea ndege umesema kwenye redio tugeuke kushoto. Masharubu akalaza ndege kulia, uso mkavu.

"Kushoto," nikasema.

Akajifanya kiziwi.

"Umekosea! Wamesema kushoto. Geuza."

Akageuza. Kisha akatoa mkono wake mkubwa tukapeana, huko huko futi elfu mbili, kama watu waliokutana sokoni.

Nimefurahi. Kweli nimefurahi! Lakini niandike hapa jambo ambalo sikumwambia. Kwa lugha yao ni rahisi. Lugha yao haina shikamoo. Mtoto anamwita babu yake "wewe", hakuna anayeshtuka. Nikiizungumza najiona kama nimeazima koti la mtu – nikilichafua, si langu. Kiswahili ndicho kinachonifunga ulimi. Kwa Kiswahili nina baba.

Jumamosi, 15 Machi

Baba kapiga simu. Unaendelea vizuri? Ndiyo, baba. Unakula? Ndiyo, baba. Walimu wanakupenda? Ndiyo, baba.

Hajui lolote la tarehe kumi na tisa. Alikuwa na sauti ya mafua. Akasema pale barazani watu wote wanajua kuwa binti yake anaendesha ndege, na hivyo hawezi tena kupita bila kusimamishwa. Nilitamani kumwambia. Sikuweza.

Jumatatu, 17 Machi

Majina ya wakaguzi yamebandikwa ukutani. Wangu, kama nilivyoambiwa, ni yule mkuu mwenyewe, ambaye alikuwa likizo tangu nifike. Nilikuwa bado nimesimama pale nasoma mara ya tatu, nikasikia nyuma yangu:

"Hujambo, binti?"

Kwa Kiswahili! Nikageuka. Mzee wa miaka sitini na kitu, mvi zote, suruali imenyooshwa mpaka inakata. Magoti yangu yakakunjika yenyewe. Shikamoo ikatoka kabla sijaiita.

"Marahaba, marahaba." Macho yake yamejaa furaha. Akasema alikuja nchi hii na miaka ishirini, na katika miaka yote aliyokaa hapa shuleni hajapata mwanafunzi wa kuzungumza naye lugha yake. Akauliza kwetu, akauliza baba na mama wazima? Akaniambia nisiwe na wasiwasi, keshokutwa tutaruka kama mtu na mwanawe.

Kama mtu na mwanawe. Yesu na malaika wote!

Dada nilipomwambia aliacha kumenya vitunguu. Hakucheka safari hii.

Jumatano, 19 Machi

Saa mbili asubuhi. Nimelala vizuri, ajabu. Dada kaenda kazini bila kuniamsha, kaniachia mkate na yai chini ya sahani. Shemeji kajitolea kunipeleka. Kwenye maegesho alirudi nyuma polepole, akasimama, akaniuliza: pako sawa? Pako sawa, shemeji.

Saa nne na nusu. Chumba cha maandalizi. Naandika haraka.

Ndege nimeikagua, iko sawa. Mafuta sawa. Nimepiga simu mnarani kuuliza upepo: wa ubavuni, kasi kumi na tano. Kikomo cha mwanafunzi ni kumi na mbili. Kimeandikwa kwenye kitabu cha shule, ukurasa wa sita, na kitabu hicho kakisaini yeye mkaguzi mwenyewe.

Mzee aliingia saa nne na robo, amevaa koti tayari, ananukia sabuni. Shikamoo. Marahaba mwanangu. Akaweka fomu mezani, akaweka na kalamu yake juu, akasema nisaini kwamba hali ya hewa inaruhusu, tutoke, maana mchana ana kikao na hataki nipoteze nafasi yangu. Nafasi nyingine ni baada ya wiki tano.

Nikasema upepo ni kumi na tano, mzee.

"Kaupepo tu hako. Twende tu, binti. Mimi nipo."

Mimi nipo! Hakuna aliyeniambia neno hilo tangu nitoke nyumbani. Baba husema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Nilishika ile kalamu. Naandika ukweli hapa: niliishika, nikaigusisha karatasi.

Nikairudisha.

"Mzee, nisamehe. Hapana. Hatuendi."

Kwa Kiswahili. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto, lakini ilitoka.

Alinitazama. Kile kicheko cha machoni kikaondoka. Akaniuliza kama ningeweza kumwambia hivyo baba yangu mzazi.

Nikasema baba yangu ningemwogopa zaidi. Lakini ningemwambia, kwa sababu namtaka arudi nyumbani.

 Akachukua kofia, akatoka nje. Mpaka sasa ninamwona kwa dirisha. Amesimama katikati ya majani, mikono nyuma, anaitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa ulio juu ya mlingoti. Imenyooka kabisa, inapigapiga. Sijui kama alikuwa ananipima au nimemkosea kweli mzee wa watu. Uso wake siuoni. Masharubu amepita mlangoni, akaona fomu, akaniona mimi, akaenda zake. 

Mzee kageuka. Anakuja.

Nasimama nimpishe kiti, adabu ni adabu. Fomu sijasaini.