Siku Omena za Mama Ziliponyeshewa

Kwa Achieng, mjukuu wangu huko Eldoret,

Salamu kutoka Kisegi. Nyanya yako, dada yangu, anaendelea polepole. Mimi goti linanisumbua, ingawa bado nawashinda vijana wote kuvuta wavu.

Umeniuliza kama ni dhambi kuchoka kuomba, maana mtoto wako bado amelazwa. Mimi shule niliacha mapema, majibu ya pasta sina. Nitakuambia tu ya mama yangu.

Asubuhi moja alianika omena, dagaa wale wa ziwa letu, juu ya nyavu kuukuu pale ufuoni, akaomba jua. Ikaja mvua. Nilikimbia na turubai mpaka mvua yenyewe ikabaki nyuma ikihema, lakini omena zote zililowa, zikawa za kulisha kuku. Jirani yetu, Min Otieno, mamake Otieno, akamcheka Mama akimwita binti wa kwao Uriri: "Nyar Uriri, Mungu wako leo amelala!"

Mama alikuwa amechoka, hata hakugeuka. Akasema, "Hata Yesu alilala ziwani, upepo ukipiga. Lakini alilala ndani ya mashua ya wanafunzi wake, hakwenda kulala kwake."

Kisha akajilaza juu ya magunia, akakoroma mvua ikinyesha. Mimi nilitaka amgombeze yule jirani. Leo, na mwili huu uliochoka, ndio namwelewa.

Kwa hivyo, nyakwara, mjukuu wangu, maneno ya maombi yakikuishia, egemea kitanda cha mtoto ulale. Yesu yuko humo humo wodini na nyinyi.

Babu yako,
Ouma